Soko la Mbali

Dada yangu amekubali niandike haya kwa masharti mawili: nisitaje jina la mtu yeyote, na nisimfanye malaika. La kwanza ni rahisi. La pili nalo si gumu, maana mtu aliyewahi kunirushia kandambili mbele ya kwaya nzima hawezi kuwa malaika hata nimpambe vipi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Dodoma. Ninaishi Miyuji, nyumba ya vyumba viwili na sebule yenye kochi moja. Dada alihamia kwangu kutoka Bahi pale figo zake ziliposimama. Daktari alisema zimechoka, nadhani kwa huruma, lakini zilikuwa zimesimama kabisa. Alimwacha mume wake, watoto watatu na majaruba ya mpunga, akaja na mkoba mmoja na mto wake wa kulalia, kwa sababu eti mito ya mjini inanuka sabuni. Kuanzia hapo wiki yetu ikawa na siku tatu tu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mchana wa siku hizo alilazwa kwenye kiti kirefu hospitalini, akachomwa sindano mbili nene mkononi, na mashine ikamtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Masaa manne. Siku nyingine zote zilikuwa za kuzisubiri hizo.

Sijui ni nani anayejua urefu wa masaa manne ukiwa umekaa kwenye stuli ya plastiki unaitazama mashine. Mimi niliilinda kama nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Ikipiga kelele, ti-ti-ti, moyo unaruka, namwita nesi, nesi anakuja taratibu, anabonyeza kitu, anaondoka. Dada ananiambia, "Wewe mtoto, kwa presha hiyo utakufa kabla yangu." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka hata mara moja.

Na nyumbani kulikuwa na habari ya maji. Mgonjwa wa namna ile hapewi maji anavyotaka, anapimiwa kikombe, na ilikuwa kiangazi, ule upepo wa Dodoma unaokausha hata mate mdomoni. Dada alikuwa ananyonya kipande cha barafu taratibu, amefumba macho, asikimalize upesi. Mimi nilikuwa nakunywa maji yangu jikoni, nyuma ya mlango, nimejibana, nameza kimya kimya kama mwizi. Mtu mzima na mshahara wangu, naiba maji ya kwangu mwenyewe.

Tumezaliwa wawili tu. Baba alitangulia nikiwa bado nabebwa mgongoni, mama akafuata nikiwa darasa la pili. Dada alikuwa kidato cha pili. Shangazi yetu, dada yake baba, alituchukua, lakini naye alikuwa na watoto wake sita, kwa hiyo ilibidi mmoja wetu aache shule ashike jembe. Hakukuwa na kikao. Jumatatu moja dada hakuvaa sare. Alinivalisha mimi yangu, akanifunga kamba za viatu, akaniambia nikimbie nitachelewa. Habari yenyewe ni hiyo tu, wala hajawahi kunisimanga nayo. Lakini kila ninaposimama mbele ya darasa najua ni nani aliyebaki shambani ili mimi nisimame pale.

Kwa hiyo daktari aliposema kwamba tiba ya kudumu ni figo ya ndugu, ukoo mzima ulinigeukia. Shemeji alishapimwa, damu haikuoana. Yangu ilioana mara moja. Shangazi alipiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. "Mungu huyu jamani!" alisema. "Mwanangu, kumbe ndiyo maana ukazaliwa." Nikajibu ndiyo, shangazi. Ningesema nini?

Na mimi nilikuwa naogopa. Naliweka wazi mapema, msije mkanitafutia sababu nzuri. Sikuwa na mimba, sikuwa na mchumba wa kunikataza, sikuwa na ugonjwa. Nilikuwa naogopa kisu. Nilikuwa naogopa kupanda kitandani mzima na kuamka nimepungua, au nisiamke kabisa. Nikipiga mswaki naogopa. Nikiandika ubaoni naogopa, chaki inakatikia mkononi. Daktari alinieleza kwa upole kwamba watu wanaishi na figo moja miaka na miaka, wanalima, wanazaa, wanacheza ngoma. Nilimwelewa vizuri sana. Niliendelea kuogopa.

Muvi zilianza kwa ajili ya yale masaa manne. Dada alikuwa mpenzi wa muvi zilizotafsiriwa. Wote tumekulia hizo: muvi ya Kihindi au ya Kikorea, na juu yake sauti ya DJ mmoja anayetafsiri mume, mke, mtoto na mbwa, huku akitia maneno yake. Anawapa wahusika majina ya kwetu. Jambazi akijificha anakwambia kabisa, "Huyu leo ndio mwisho wake, wapenzi watazamaji." Wakati mwingine katikati ya mapigano anamsalimia shemeji yake wa Singida. Nilikuwa naiegemeza simu kwenye mto wa dada, tunatazama. Baada ya wiki chache akachoka.

"Kila muvi watu wanakufa," alisema. "Na hapa nilipolala watu wanakufa. Nitafutie ambayo mtu hafi."

Area D kuna jamaa ana kibanda cha muvi. Unampa flashi, anakujazia. Nilimweleza shida yangu, akanitazama kama nimemwagiza soda ya kuchemshwa.

"Muvi ambayo mtu hafi? Sasa mwalimu, hapo wanafanya nini?"

Akatafuta, akafungua folda moja kwenye kompyuta yake, ameiandika HAZITOKI. Zilikuwa muvi za nchi za mbali, zilizotengenezwa na watu wasio na hela: hakuna bunduki, hakuna gari linalolipuka, wala hakuna DJ aliyejisumbua kuzitafsiri. Lugha zake wala sizijui, ila chini kuna maandishi ya Kiingereza. "Hizi ni za wanawake wenye mawazo," alinieleza. "Mwanamke anawaza, anawaza, anawaza, muvi inaisha. Chukua zote, unipunguzie."

Ya kwanza ilikuwa ya nchi yenye theluji. Mwanamke anafua mashuka ya hoteli na kumuuguza baba yake asiyeinuka kitandani. Inakuja barua: kuna kazi, nchi nyingine, ajibu kabla ya wiki kuisha. Muvi nzima anachemsha viazi, anamgeuza baba, anaisoma ile barua, anairudisha kwenye kabati. Nilianza kumsomea dada yale maandishi. Akanikatisha.

"Usinisomee kama uko darasani. Tafsiri kama DJ."

Basi nikajikohoza, nikaanza. Yule mwanamke tukamwita Binti Viazi. Kiti cha jirani alikuwa analala baba mmoja wa Kondoa, mkulima wa kule milimani, kofia yake ya kushona haimtoki kichwani hata kwenye mashine. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anasikiliza. "Mwalimu," akasema, "ongeza sauti, na sisi wengine tupo."

Nikaongeza. Nilinogewa, nakiri. Mpaka tukafika mwisho. Binti Viazi amevaa koti, amesimama mlangoni na jirani atakayebaki na baba. Jirani anamuuliza kitu. Maandishi yakatokea chini: sirudi tena. Halafu anapanda basi, na kamera inabaki usoni kwake muda mrefu, halii, hacheki, dirisha linapita tu.

Mbele yangu kuna dada yangu, sindano mbili mkononi, damu yake inazunguka kwenye mipira myekundu, ananisubiri nimwambie. Nilimwambia nini?

"Anasema anakwenda kumtafutia baba dawa," nilisema. "Atarudi Jumapili."

"Alhamdulillahi," akasema baba wa Kondoa.

Uongo wa kwanza ndio ulikuwa mgumu. Ile folda ya HAZITOKI, jamani, sijui ni nani aliyeikusanya, lakini humo ndani hakuna mwanamke aliyetulia. Kuna mmoja anachunga mbuzi milimani, anaamua kuwaacha watoto kwa mkwe. Kuna mmoja ni mtawa, anavua shela yake na kuikunja vizuri juu ya kitanda. Kuna mmoja anauza samaki, kaka yake amekufa, anatakiwa alee yatima wanne, anawatazama mmoja mmoja, anasema hapana. Wote wanafika mlangoni. Wote wanatoka. Na mimi niliwarudisha wote. Wa mbuzi nilimrudisha. Mtawa nilimvalisha shela upya. Yule wa samaki nilisema amekwenda kuwanunulia viatu. Baba wa Kondoa alikuwa haondoki bila kuuliza, hata akishachomolewa sindano, "Amerudi?" Amerudi, baba. "Wallahi wanawake wana moyo," anasema, anavuta kanzu yake, anakwenda zake.

Sikudanganya kwa ajili ya kumfurahisha mgonjwa, ingawa ndivyo nilivyojiambia. Nilidanganya kwa sababu kila mwanamke aliposhika kitasa, mimi moyoni nilikuwa nyuma yake namsukuma. Nenda, mama, nenda. Na niliogopa kwamba nikisema kwa sauti yangu kwamba mwanamke ameondoka na hakurudi, dada ataisikia ile sauti na atajua mimi niko upande gani.

Kisha ikaja ile ya mizabibu. Kijiji cha vumbi, mashamba ya zabibu mpaka upeo wa macho, na dada akafurahi sana. "Hebu ona! Si Dodoma hiyo?" Mwanamke wa makamo anamuuguza mama yake. Miaka inapita, anavuna, anamlisha mama kwa kijiko, anavuna tena. Siku moja, bila kugombana na mtu, anatoa begi chini ya kitanda, anaweka nguo, anaweka ufunguo mezani. Mama yuko dirishani anamtazama. Anaufikia mlango, anasema maneno machache, anatoka.

"Anamuaga mama," nilisema. "Anakwenda sokoni."

Dada alinyoosha kidole kwenye simu. "Na begi lile la nini?"

"Ni soko la mbali."

"Mh," alisema dada. "Haya."

Jumatano iliyofuata kiti cha jirani kilikuwa na mtu mwingine, kijana mnene anayechezea simu. Nilimtazama nesi. Nesi alikuwa anaandika kitu, hakuinua uso. Sikuuliza, na dada hakuuliza. Tulitazama muvi ileile ya mizabibu mara ya pili kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuanza nyingine, na nilipofika kwenye begi sikutafsiri kitu, nilijifanya nakohoa.

Kesho yake, Alhamisi, niliitwa kwa mahojiano. Kabla mtu hajatoa figo anakaa na afisa ustawi wa jamii, peke yake, mlango umefungwa. Dada alibaki nje kwenye benchi. Niliingia na majibu yangu nimeyakariri, ndiyo, ndiyo, kwa hiari yangu, ndiyo. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani shingoni, feni inazungusha karatasi zake mpaka kaziwekea kikombe juu.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Mgonjwa amekuomba?"

Hilo sikuwa nimelikariri. Dada hakuwahi kuniomba. Hata siku moja. Shangazi aliomba, shemeji aliomba, mchungaji alituombea wote. Dada alikuwa akiona mazungumzo yanaelekea huko anauliza kama nimeanika nguo.

"Hajaniomba," nilisema.

Yule mama akavaa miwani. "Sikiliza, mdogo wangu. Vipimo ni vingi, na kimoja kikikataa, safari inaishia hapo. Ukiwa hutaki, niambie mimi. Nyumbani tutawaambia kuna kipimo hakikukubali. Hatusemi kipi. Tutakaojua ni mimi, wewe na daktari. Nenda ukafikiri, uje Jumatatu asubuhi."

Nilimchukia! Ningesema nilishukuru, lakini nilimchukia kabisa. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kama mtu aliyepakiwa kwenye lori: unaogopa, lakini lori linakwenda, huna la kufanya. Sasa yeye amesimamisha lori, kafungua mlango, kaniambia shuka ukitaka, hakuna anayekuona. Nilitoka nje. Dada aliinuka kwenye benchi akajifuta vumbi.

"Wamesemaje?"

"Nirudi Jumatatu."

"Umeanika zile nguo?" akauliza.

Ijumaa nilikwenda hospitalini na muvi ya mwisho ya folda. Asubuhi darasani nilikuwa nimesahihisha madaftari ya kidato kizima nikaweka alama za vyema hata pasipostahili. Nilipoweka simu kwenye mto, dada akaigeuza upande wake kwa mkono usio na sindano.

"Leo pumzika," alisema. "Natafsiri mimi."

Nikacheka. "Utatafsiri nini, dada?"

"Wewe tulia."

Ilikuwa ya ndugu wawili wenye duka la mikate. Mkubwa anapofuka, siku hadi siku. Mdogo amepata nafasi ya kwenda kusoma mjini, na nafasi hiyo haitamsubiri. Dada alianza pole pole. Alikuwa anasoma yale maandishi huku midomo inacheza, mengine yanampita, mengine anayashika mkia. Lakini aliyashika. Yule mdogo alimwita Mwalimu.

"Huyu mkubwa anaona ukungu mtupu," alisema kwa sauti ya DJ, nzito, ya puani. "Na Mwalimu anajua. Anajifanya hajui, anakanda unga. Wapenzi watazamaji, hebu mwoneni anavyokanda! Huo unga umemkosea nini?"

Yule kijana mnene wa kiti cha jirani akaacha simu yake akacheka. Mimi masikio yalikuwa yananiwaka moto.

Tukafika mwisho. Alfajiri, mdogo amebeba viatu mkononi asipige kishindo. Anafungua mlango. Mkubwa yuko kitandani, macho wazi, haoni kitu. Mlango unafungwa. Kamera inabaki kwa yule aliyelala.

"Ameondoka," alisema dada. "Harudi huyu." Mashine ilikuwa inazunguka. "Na mkubwa ameusikia mlango. Amesikia toka mwanzo. Amenyamaza makusudi, asije akamwita akageuka."

"Hayo hayajaandikwa," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Najua. Nimetia mimi. DJ lazima atie ya kwake."

"Tangu lini unasoma maandishi ya kwenye muvi?"

"Tangu Binti Viazi." Aligeuka akanitazama. "Mwalimu, mimi niliishia kidato cha pili. Sikuishia chekechea."

Nilikasirika, nilikasirika kwa aibu. Nilimuuliza kwa nini basi aliniacha nidanganye wiki zote hizo, nikijitia ujinga mbele ya watu. Akasema nilikuwa natafsiri vizuri. Akasema na yule baba wa Kondoa alikuwa anafurahi, sasa angemkatiza vipi. Kisha akafumba macho akasema amechoka, na kweli alikuwa amechoka.

Jumamosi na Jumapili zile sitaki kuzirudia, lakini acha nizipitie. Sikujua alichokuwa ananiambia. Alikuwa ananifungulia mlango, au alikuwa ananipima? Nilitamani aniombe. Angeniomba, ningetoa, basi, ningekuwa nimelazimishwa na mtu ninayempenda na hofu yangu ingepata pa kukaa. Au anilaani, anirushie kandambili, anisimange na sare ile ya shule. Hakufanya chochote. Alichambua mchele. Alinyonya barafu yake. Jumapili baada ya kanisa aliniita nikae chini, akaniweka katikati ya magoti yake kama zamani, akaanza kunisuka kwa kichana cha mbao, anapumzika kila baada ya msuko mmoja kwa sababu mkono unamuuma.

"Nakusuka twende kilioni," alisema. "Nguvu ya mtindo mwingine sina."

Ndivyo unavyoitwa msuko huo, kila mtu anajua, hauna nuksi yoyote. Mimi nilijiuliza. Kilioni kwa nani? Kwake au kwangu? Nilikaa pale kichwa kimeinamishwa, vidole vyake vinapita kwenye fuvu langu, na nikawa nahesabu misuko nikijiambia ikitoka kumi nitakubali. Ilitoka kumi na moja. Nikasema haidhuru, nitakubali tu. Kufika jikoni kuchukua maji nilikuwa nimeshakataa tena.

Jumatatu niliingia kwa yule mama baada ya kipindi cha pili. Nilikuwa bado nina vumbi la chaki mikononi. Mpaka nakalia kiti sikujua nitasema nini, nasema kweli.

"Siwezi," nilisema. "Naogopa."

Nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze. Akaandika kitu kifupi, akafunga faili. "Asante kwa kusema," alisema. Basi. Hata dakika tano hazikufika. Nje ya geti nilinunua maandazi mawili na chai, nikala yote mawili nimesimama, kwa sababu toka Alhamisi nilikuwa sijala nikashiba. Naona haya kuliandika hili kuliko hayo mengine yote.

Mchana dada alikuwa kwenye kiti chake, ameshachomwa. Nikavuta stuli.

"Vipimo vimekataa," nilisema.

Nilijisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti yangu ileile ya kutafsiri, ile ya Atarudi Jumapili.

Dada alitazama dari. "Kipimo gani?"

"Cha mwisho. Kile... kuna kimoja cha mwisho."

"Kile cha mbali," alisema taratibu. "Kama lile soko."

Nilitazama kandambili zake chini ya kiti, zimepangwa vizuri, moja imeshonwa kwa waya. Nilisubiri. Naye akanyoosha mkono usio na sindano. "Nipe simu. Shangazi anangoja habari tangu asubuhi, asije akapandwa na presha bure."

Nilimpigia, nikaweka spika kwa sababu hawezi kuishika muda mrefu. Shangazi alipokea kwa sauti yake ya shambani, akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!"

"Mbukwa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipe habari."

"Shangazi, vipimo vimekataa."

Shangazi akaanza kulia, kile kilio cha kuvuta cha kwetu, na katikati ya kilio akauliza, "Vimekataaje? Si walisema damu zimeoana? Au huyo mdogo wako ameogopa?"

Dada hakunitazama hata kidogo.

"Aogope yeye?" alisema. "Shangazi, usimkosee mtoto wa watu. Alishafika mpaka mlango wa mwisho. Daktari ndiye aliyemrudisha. Ameumia kuliko mimi, nakwambia. Analia tangu asubuhi, macho yamevimba, chakula hajagusa. Mimi mgonjwa ndiye ninayembembeleza."

Na mimi nimekaa pale, macho makavu, makombo ya andazi kwenye blauzi.

"Maskini mwanangu," alisema shangazi. "Mpe simu nimpe pole."

"Hawezi kuongea, shangazi," alisema dada, na sasa akanigeukia, akanitazama usoni, kama vile siku ile aliponifunga kamba za viatu. "Analia."

Nikajaribu kubana meno. Sikuweza. Kilinitoka kilio ambacho sikukijua, kwa sauti, mbele ya manesi na wagonjwa wote, mpaka kijana mnene akavua spika za masikioni. Nililaza kichwa kwenye mto wake ule wa Bahi, nikalia.

"Namsikia," alikuwa anasema shangazi kwenye spika. "Namsikia, maskini, mwambie anyamaze."

Dada akaifunika simu kifuani kwake, akainama mpaka mdomo ukafika sikioni kwangu.

"Afadhali," alininong'oneza. "Sasa sijamdanganya shangazi."